Kuchimbua Kaburi la Ukoo la Waetruski Lililochongwa Mwambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudi kila mara kuhusu makaburi ya kifamilia ya Waetruski katika Italia ya kati, na jinsi wanaakiolojia wanavyoyachimbua. Wengi huuliza kwanza kuhusu dhahabu. Sisi tunaona heri kuanza na mlango. Kaburi la ukoo halikufungwa mara moja likaachwa. Lilifunguliwa kila alipofariki mtu, likafungwa, likafunguliwa tena, pengine kwa miaka 100 au 200. Makosa mengi makubwa ya uchimbuaji hutokana na kusahau jambo hilo.

Waetruski walikuwa nani, na makaburi yao yako wapi?

Ni watu walioishi kati ya mto Arno na mto Tiber, upande wa magharibi wa Italia, mahali ambapo leo ni Toscana, kaskazini mwa Lazio na sehemu ya Umbria. Wenyewe walijiita Rasna. Warumi waliwaita Tusci, na ndiko lilikotoka jina Toscana. Miji yao ilistawi kuanzia karne ya 8 KK, kisha Roma ikaimeza mmoja baada ya mwingine. Veii ulianguka mwaka 396 KK.

Nyumba zao zilikuwa za udongo na mbao juu ya misingi ya mawe, kwa hiyo nyingi zimetoweka. Makaburi yamebaki. Maeneo mawili makubwa ni Banditaccia huko Cerveteri na Monterozzi huko Tarquinia, yote yakiwa Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2004. Monterozzi peke yake ina makaburi yapatayo 6,000, na takriban 200 kati yake yana michoro ukutani. Ukienda Norchia, Castel d'Asso au Blera utayaona yamechongwa kwenye kuta za magenge, yakiwa na sura ya mbele ya nyumba. Perugia na Chiusi nako yapo, ingawa kule wafu wengi walichomwa moto na majivu yao kuwekwa kwenye masanduku ya mawe.

Kwa nini walichonga mwambani badala ya kujenga?

Kwa sababu mwamba wao ulikubali. Sehemu kubwa ya kusini mwa Etruria imekaa juu ya tufo, jiwe lililotokana na majivu ya volkeno yaliyogandamana. Likiwa bado na unyevu wake wa ardhini hukatika kwa sululu na patasi bila taabu kubwa, na likipata hewa hukazana. Tarquinia mwamba ni mwingine, wa chokaa iliyochanganyika na mchanga. Wenyeji huuita macco.

Kwa mchimbuaji, tufo ni rafiki na adui. Ni rafiki kwa sababu hutunza alama za patasi kana kwamba fundi aliondoka jana. Alama hizo zikimulikwa kwa taa ya ubavuni huonyesha upana wa chuma kilichotumika, fundi alikuwa amesimama upande gani, na chumba kipi kilikatwa kwanza: alama za chumba kilichoongezwa baadaye hukatiza zile za ukuta wa zamani. Ubaya wake ni kwamba hunyonya maji, hupasuka kwa mabamba kutoka darini, huwa na madini ya sumaku yanayochanganya vipimo, na hutoa radoni, gesi yenye mionzi.

Kaburi la kawaida lina sehemu gani?

Kwanza kuna dromo, yaani njia iliyochimbwa kushuka hadi mlangoni. Nyingine ina ngazi, nyingine ni mteremko tu. Mwishoni kuna mlango uliozibwa kwa bamba moja kubwa la jiwe, au kwa matofali ya tufo yaliyopangwa. Ndani kuna chumba kimoja au zaidi, mara nyingi sebule ya kati na vyumba vya pembeni, na kando ya kuta vitanda vilivyochongwa kutoka kwenye mwamba wenyewe, pamoja na mito ya jiwe. Dari huigiza paa la nyumba: utaona boriti kuu na pau zake, zote zikiwa jiwe lisilobeba chochote. Ndiyo maana wataalamu wa nyumba za Waetruski hutumia muda mwingi makaburini.

Cerveteri kuna kawaida yake. Vitanda vya wanaume vimechongwa miguu kama nguzo, na vya wanawake vina ncha za pembetatu kama paa la nyumba. Nje pia, vijiwe vyenye umbo la nguzo fupi viliwekwa kwa ajili ya wanaume na vyenye umbo la kijumba kwa ajili ya wanawake. Hii ni kawaida ya mji mmoja. Usiipeleke Chiusi ukaitumia kama sheria.

Mnajuaje kuwa ni kaburi la ukoo, si la watu waliokutanishwa tu?

Ushahidi wa wazi ni majina. Kaburi la Volumni huko Perugia, lililogunduliwa mwaka 1840, lina maandishi mlangoni yanayosema kwamba Arnth na Larth wa ukoo wa Velimna, watoto wa Arznei, ndio waliolijenga. Ndani, jina hilo la ukoo linajirudia sandukuni baada ya sandukuni. Sanduku la mwisho ni la marumaru, la karne ya 1 KK, na limeandikwa kwa lugha mbili: upande mmoja Kietruski, *pup velimna au cahatial*, na upande mwingine Kilatini, ambako bwana huyohuyo anaitwa Publius Volumnius Violens, mzaliwa wa Cafatia, yaani mama yake. Ukoo umekuwa wa Kirumi, lakini mama bado anatajwa.

Kaburi lisipokuwa na maandishi, tunategemea mambo mengine: vitanda vilivyoongezwa, vyumba vilivyochongwa kwa awamu, mifupa ya zamani iliyosogezwa kando ili mwingine alazwe, na siku hizi vinasaba. Ukoo pia ungeweza kuchonga kaburi jipya ubavuni mwa lile lililojaa. Banditaccia kuna kichuguu kimoja kikubwa, yaani kilima cha udongo kilichojengwa na watu, kinachoitwa Tumulo II, chenye makaburi manne ndani yake. La kwanza limeigiza kibanda cha makuti na ni la mapema karne ya 7 KK. La mwisho lilikutwa limejaa vyombo vya Kigiriki. Hapo unasoma vizazi kwa kuzunguka kichuguu.

Je, mtu akigundua kaburi shambani mwake anaweza kulichimba?

Hapana. Kwa sheria ya Italia ya mwaka 2004 kuhusu mali za utamaduni (amri namba 42), uchimbuaji ni haki ya serikali. Chuo kikuu au taasisi hupewa kibali cha wizara, na hufanya kazi chini ya usimamizi wa ofisi ya mambo ya kale ya eneo husika. Anayekuta kitu kwa bahati lazima atoe taarifa ndani ya saa 24 kwa ofisi hiyo, kwa meya au kwa polisi, na akiache pale pale alipokikuta. Vilivyopatikana ni mali ya taifa. Aliyegundua na mwenye ardhi wanaweza kulipwa zawadi, kila mmoja isiyozidi robo ya thamani ya vitu hivyo.

Hili si jambo la nadharia. Mwaka 2015, karibu na Città della Pieve huko Umbria, mkulima alikuwa akilima kwa trekta ardhi ikatitia. Chini kulikuwa na chumba chenye majeneza mawili ya mawe na masanduku manne ya majivu, na maandishi yenye jina Laris. Taarifa ilitolewa, na kila kitu kikakutwa mahali kilipoachwa. Angeingia na koleo, leo tungekuwa na vyombo vizuri bila habari zake.

Kaburi linatafutwaje kabla ya kuchimba?

Kwa kutembea kwanza. Watu hupanga mstari, mita 5 hadi 10 kati ya mtu na mtu, wakiokota au kuandika vigae, yaani vipande vya vyungu, vilivyo juu ya shamba lililolimwa. Kisha hufuata picha za droni, hasa wakati nafaka inapoanza kukauka: juu ya dromo iliyojaa udongo mimea hukaa kijani kwa siku kadhaa zaidi.

Halafu mashine. Magnetometa, yaani kipima sumaku, haina faida kubwa kwenye tufo, maana mwamba wote unapiga kelele. Upimaji wa ukinzani wa umeme hufaa zaidi, kwa kuwa chumba kitupu hakipitishi umeme na dromo yenye udongo mbichi huupitisha. Rada ya ardhini hutoa picha nzuri kwenye ardhi kavu. Kwenye mfinyanzi wenye maji mawimbi hufa kabla hayajafika popote. Pima mwishoni mwa kiangazi, si baada ya mvua.

Njia maarufu zaidi ni ya mhandisi Carlo Lerici, miaka ya 1950: kutoboa tundu dogo kwenye dari ya chumba na kushusha bomba lenye kamera. Kwa namna hiyo Kaburi la Olimpiadi la Tarquinia lilijulikana mwaka 1958. Leo tundu huwa jembamba zaidi na kamera ni ya nyuzi, lakini kanuni ni ileile: angalia kabla hujafungua. Tundu huzibwa siku hiyohiyo.

Kazi yenyewe inaanzia wapi?

Inaanzia nje, kwenye dromo, na hapa ndipo wageni wanapokosa subira. Kila kizazi kilichokuja kuzika kilichimbua udongo wa dromo, kikafungua mlango, kikafunga na kurudisha udongo. Kila tukio liliacha kovu. Ukichimba dromo yote kwa pamoja kama mtaro wa maji, umefuta daftari la kaburi kabla hujaingia ndani.

Tunachimba nusu moja kwa urefu na kuacha nusu nyingine imesimama, ili ukuta wa katikati uonyeshe matabaka. Kila tabaka, kila shimo na kila jiwe lililowekwa kwa makusudi hupewa namba na fomu yake: rangi, ugumu, kilichomo, kimekata nini na kimekatwa na nini. Udongo wa juu huondolewa kwa sululu na beleshi. Kuanzia sentimita 50 za mwisho ni mwiko wa mwashi tu. Udongo wote hupita kwenye chekeche la matundu ya milimita 5. Karibu na mlango kuna vigae vya vikombe vilivyotumika kwenye mazishi vikavunjwa pale pale, na pengine mifupa ya mbuzi au kondoo. Usiviite takataka. Ni karamu ya matanga.

Kuta za dromo ndefu huegemea ndani zikikauka. Ukishavuka mita 1.2 kwenda chini, weka mihimili ya mbao au kata kuta kwa ngazi. Watu wengi wanaoumia kwenye kazi hii huangukiwa na udongo wa kawaida, laana haihusiki.

Mlango unafunguliwaje, na hewa ya ndani ni hatari?

Jiwe la mlango hupigwa picha na kuchorwa kwa kipimo cha 1:10 kabla halijaguswa, pamoja na vijiwe vya kukazia na udongo ulioingizwa kwenye nyufa. Kama kuna matofali, kila moja huandikwa namba. Matofali ya safu za juu yakiwa tofauti na ya chini, huo ni ushahidi kwamba mlango ulifunguliwa kwa juu tu kwa ajili ya mazishi ya mwisho.

Kisha hutolewa jiwe moja dogo la juu na kuingizwa kipima gesi kwenye mti mrefu. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, au hewa ya ukaa ikizidi asilimia 0.5, hakuna anayeingia. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo kipimo cha mlangoni hakitoshi. Pima sakafuni, hasa kama chumba kiko chini ya kizingiti. Feni huvuta hewa polepole kupitia bomba. Radoni hupimwa kwa siku kadhaa, na ikizidi bekereli 300 (kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo, saa za kukaa ndani hupunguzwa na kuandikwa kwa kila mfanyakazi.

Kosa la kawaida ni kufungua mlango wote siku ya kwanza kwa sababu waandishi wa habari wamekuja. Chumba kilichokaa miaka 2,500 kwenye unyevu wa karibu asilimia 100 kikipata hewa kavu ghafla, mbao hujikunja, ngozi hupukutika, na rangi ya ukutani hubanduka baada ya siku chache. Tunatundika mapazia mawili ya plastiki, mita 1 kati yake, na moja lifungwe kabla ya lingine kufunguliwa.

Ndani ya chumba, hatua ni zipi?

Siku ya kwanza hakuna anayekanyaga. Kutoka kizingitini hupigwa picha za fotogrametria, yaani picha nyingi za kuunganishwa kuwa umbo la pande tatu, kila picha ikifunika ile ya jirani kwa asilimia 70 au 80, pamoja na vipimo vya rangi na mizani ya sentimita. Taa ziwe za LED, kwa kuwa balbu za zamani hupasha moto ukuta. Kisha huwekwa ubao wa kukalia juu ya matofali ya povu, ili mtu afanye kazi akiwa amelala kifudifudi bila kugusa sakafu.

Halafu swali muhimu: vilivyoko sakafuni vilidondoka, vilielea au viliwekwa? Maji huingia makaburini kila majira ya mvua, na chungu kitupu huelea kama mtumbwi. Kikombe kilichokutwa karibu na mkono wa marehemu huenda kilisafiri mita 2. Tunaangalia mistari ya tope ukutani, ni chombo kipi kimejaa tope safi la majini, na kipi kimekaa juu ya tope badala ya chini yake. Kitu kilicho juu ya tope hakikuwepo pale siku ya mazishi, hata kiwe kimekaa vizuri namna gani.

Udongo wa kitandani hukusanywa kwa miraba ya sentimita 25 na kuchekechwa kwa matundu ya milimita 2, kisha sehemu yake huoshwa kwa maji ili mbegu na vipande vya mkaa vielee. Shanga za kaharabu na nyuzi za fedha za nywele hupatikana kwenye chekeche, mara chache sana kwa macho.

Vyombo havimwagwi. Chungu hufungwa bendeji na kuinuliwa pamoja na udongo wake, kisha hufunguliwa maabarani, maana mabaki ya divai, mafuta au mafuta ya manukato hukaa kwenye milimita chache za chini. Maganda ya mayai ya kuku yamewahi kukutwa kwenye mabakuli ya makaburi haya; kwenye ndoo ya udongo uliomwagwa yangeonekana kama chokaa.

Mifupa imechanganyika. Mnajuaje ni watu wangapi?

Huhesabiwa mfupa mmoja unaojirudia zaidi. Kama kuna mifupa saba ya paja la kushoto, wamelala pale watu wasiopungua saba, hata kama mafuvu ni manne. Watoto huhesabiwa peke yao. Kwenye masanduku ya majivu tunatumia mizani: mtu mzima mmoja huacha kwa kawaida kilo 1.5 hadi 3 za mifupa iliyoungua. Sanduku lenye kilo 4 linatufanya tutafute mfupa unaojirudia, na mara nyingi tunaupata.

Muhimu kuliko idadi ni mpangilio. Mifupa ambayo bado imeshikana kwenye viungo ni ya mtu aliyezikwa mwisho pale. Lundo kwenye kona, mafuvu juu na mifupa mirefu imelazwa pamoja, ni babu zake waliosogezwa kwa heshima. Lundo hilohilo likiwa limetawanyika na limevunjika upya, weupe ukionekana kwenye mvunjiko, ni kazi ya mwizi. Ndiyo maana mfupa haunyanyuliwi kabla ya kuandikwa namba, kupimwa pande tatu na kupigwa picha.

Mfupa wenye unyevu wa kwenye tufo huwa mlaini kama mkate uliolowa. Usiupake gundi haraka: gundi ya akriliki iliyoyeyushwa kwa asetoni huganda nyeupe kwenye mfupa wenye maji, na huharibu sampuli za vinasaba na za kaboni 14, kipimo cha umri. Chukua sampuli kwanza, ukiwa na glavu na barakoa, jino moja na mfupa mgumu wa sikio la ndani. Usiuoshe. Baada ya hapo mifupa ikaushwe polepole kivulini.

Vitu vya kaburini si vinaonyesha kama marehemu ni mwanamume au mwanamke?

Vinaonyesha waliomzika walitaka kusema nini. Mwaka 2013 kulifunguliwa kaburi lisiloguswa huko Doganaccia, Tarquinia, la mwishoni mwa karne ya 7 KK. Kulikuwa na mkuki kando ya mifupa, na habari ikaenea duniani kwamba amepatikana mwana wa mfalme shujaa. Majivu ya kitanda cha pili yakapewa mkewe. Mifupa ilipochunguzwa, "shujaa" alikuwa mwanamke wa miaka 35 hadi 40, na aliyechomwa ndiye mwanamume. Tangu hapo swali hili tunalijibu kwa nyonga na fuvu, na kwa vinasaba panapowezekana. Mkuki husubiri zamu yake.

Kwa nini msitumie kaboni 14 mkamaliza ubishi wa tarehe?

Tungetumia kwa furaha, lakini kipindi chenyewe kinatusaliti. Kati ya takriban 800 na 400 KK mstari wa kusahihishia vipimo vya kaboni 14 umelala karibu bapa. Mfupa wa mwaka 750 KK na wa mwaka 450 KK unaweza kutoa jibu linalofanana. Unalipa fedha ya maabara unapewa miaka 300 ya kuchagua.

Kwa hiyo vyombo bado ni saa yetu bora. Buchero, ufinyanzi mweusi unaong'aa uliochomwa kwenye tanuri lililonyimwa hewa, huanza katikati ya karne ya 7 KK. Wa mwanzo ni mwembamba sana. Wa karne ya 6 huwa mzito na wenye mapambo ya kubandika. Vyombo vya kutoka Korintho na Athene vinajulikana tarehe zake kwa miongo. Lakini kumbuka mlango: chombo kinatoa tarehe ya mazishi yake, si ya kuchongwa kwa kaburi. Na chombo cha babu kinaweza kuzikwa na mjukuu.

Vinasaba vimesema nini kuhusu asili ya Waetruski?

Waandishi wa historia wa Kigiriki walibishana. Herodoto aliandika kwamba walitoka Lidia, katika Uturuki ya leo. Dionisio wa Halikarnaso alisema ni wenyeji. Utafiti wa mwaka 2021 uliochunguza watu 82 kutoka maeneo 12 ya Italia ya kati na kusini uliwakuta Waetruski wakifanana na majirani zao wa Roma, bila dalili ya uhamiaji wa karibuni kutoka Anatolia, yaani upande huo wa Uturuki. Lugha yao ni jambo jingine: haina undugu na Kilatini wala Kigiriki.

Ndani ya kaburi moja, vinasaba vina kazi nyingine, ya kujua nani ni mtoto wa nani. Jibu likipatikana huwekwa juu ya ramani ya vitanda, na hapo ndipo utaona kama mabinti walioolewa walirudi kuzikwa kwao au walibaki kwa waume.

Maandishi yanasomeka?

Yanasomeka, kwa kuwa herufi zilitoka kwa Wagiriki. Kuelewa ndiko kugumu, ingawa maandishi ya makaburini ni rahisi kwa sababu yanarudia mambo yaleyale. Mengi huenda kutoka kulia kwenda kushoto, kama tenzi zetu za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukijua maneno machache utapiga hatua: *clan* ni mwana wa kiume, *sec* ni binti, *puia* ni mke, *ati* ni mama, *avil* ni mwaka, *lupu* ni amefariki, *suthi* ni kaburi. Kwenye eneo la Bolsena vyombo vya shaba vilichorwa neno *suthina*, yaani cha kaburini, ili kisirudi jikoni.

Maandishi yaliyochorwa kwa rangi hufifia haraka. Yapigwe picha kwa mwanga wa infraredi siku ya kwanza, na yale ya kukwaruzwa kwa taa ya ubavuni kutoka pande nne. Usiweke mkono wala karatasi ya kunakilia juu ya plasta.

Kaburi lililokwisha kuibiwa lina faida gani?

Makaburi mengi tunayochimbua yameibiwa, baadhi tangu enzi za Warumi. Wezi wa makaburi, wanaoitwa tombaroli, hutumia chuma kirefu chembamba kuchoma ardhi hadi wahisi uwazi, kisha hutoboa dari. Walichukua walichoweza kuuza. Waliacha vigae, mifupa, vitanda, alama za patasi na dromo, ambayo hawakuihitaji. Shimo lao tunalichimbua kama tabaka lolote. Pakiti za sigara na chupa husaidia kujua mwaka.

Vigae vya chombo kimoja vikipatikana dromoni, shimoni na chumbani, tunachora mistari ya kuviunganisha, na mistari hiyo inaonyesha chombo kilisimama wapi. Hasara ya kweli ni chombo kilichokwenda sokoni. Bakuli kubwa la divai lililochorwa na Mgiriki Euphronios liliibiwa Cerveteri mwaka 1971, likauzwa kwa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York mwaka uliofuata kwa dola milioni 1, na likarudi Italia mwaka 2008. Bakuli limerudi. Lililalia kitanda kipi, na pamoja na nani, hakuna atakayejua.

Vitu vya chuma na shaba vinatunzwaje?

Chuma kipigwe eksirei kabla ya kusafishwa, kwa kuwa ndani ya donge la kutu huenda umbo limebaki kama kivuli tu. Kihifadhiwe kwenye sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vidonge vya silika vinavyonyonya unyevu. Shaba yenye chumvi huota unga wa kijani kibichi unyevu unapozidi asilimia 40 hivi. Ukiuona, kitenge na vingine na umwite mtaalamu siku hiyo. Fedha na dhahabu hazina shida kubwa, ila zisipanguswe: uzi wa nguo huwa umegandia upande wa nyuma.

Inachukua muda gani, na watu wangapi?

Chumba kimoja cha mita 3 kwa 3 chenye dromo ya mita 6 huchukua wiki 6 hadi 10 za timu ya watu 8 hadi 12. Ndani wanaingia wawili, mara chache watatu. Kwa kila mwezi wa kuchimba panga angalau miezi sita ya kuosha, kuunga, kuchora na kuandika. Bajeti isiyo na fungu la mhifadhi na la maabara haifai kupewa kibali.

Mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki anaweza kushiriki?

Anaweza. Miradi kadhaa ya vyuo vikuu huendesha shule za uchimbuaji wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Mara nyingi mshiriki hulipa ada inayojumuisha malazi, kwa hiyo uliza mapema kuhusu ufadhili. Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Omba miezi mitatu kabla, ukiwa na barua ya mwaliko inayotaja kibali cha uchimbuaji. Chanja pepopunda. Beba viatu vya ncha ya chuma, pedi za magoti, na sweta: nje ni nyuzi 35, chumbani ni 15.

Wapi naweza kuona kaburi kama hili bila kuchimba?

Banditaccia huko Cerveteri, tenga nusu siku na tochi. Usikose Kaburi la Nakshi, la ukoo wa Matuna, la karne ya 4 KK, lenye sehemu 13 za kulaza wafu ukutani na vyombo vya nyumbani vilivyofinyangwa kwa plasta: sufuria, visu, kamba, panga, hata mbwa. Linatazamwa kupitia kioo tu, maana pumzi za wageni huongeza unyevu na hewa ya ukaa, na plasta haivumilii. Kule Tarquinia pia, vyumba vyenye michoro viko nyuma ya vioo na taa huzimika zenyewe baada ya muda mfupi. Bonyeza tena swichi, na usubiri macho yazoee.